Tuwavishe glavu wazee wanaotetemeka

Msomaji akiambiwa kwamba mzee anayetetemeka mikono, ambaye miguu nayo humgomea njiani, afaa kuvishwa glavu za ndondi na kuamriwa apige gunia kwa nguvu zake zote, bila shaka atadhani anafanyiwa mzaha. Nami nilidhani hivyo niliposikia habari hizi kwa mara ya kwanza. Tangu hapo nimezichunguza na maoni yangu yamegeuka. Naamini kwamba mazoezi ya ndondi yanaweza kuwafaa sana wagonjwa wa Parkinson walioko vijijini mwetu, na kwamba mahali kama Ndalu, ambapo daktari bingwa wa ubongo hapatikani na vidonge huadimika, ndipo yanapohitajika zaidi hata kuliko huko yalikoanzia.

Kwanza tumtazame mgonjwa mwenyewe, kwa maana karibu kila soko lina wake. Ni mzee aliyekuwa mwepesi wa miguu, lakini sasa huburuta hatua fupi fupi kana kwamba ardhi inamnata. Mkono wake mmoja hauchezi anapotembea; umekunjwa na kushikamana na ubavu. Akiketi na kutulia, vidole huanza kucheza vyenyewe kama vya mtu anayehesabu sarafu. Uso hauonyeshi furaha wala huzuni, hata wajukuu hudhani kuka amekasirika. Sauti imefifia. Sahihi yake imekuwa ndogo na herufi zimebanana, na karani wa benki humtazama kwa shaka anapokuja kuchukua pesa zake. Akifika mlangoni miguu huganda, na akiguswa kidogo tu huanguka kama gogo.

Vijana wakimwona akipepesuka njiani husema ametoka kunywa busaa. Watu wazima husema mabaya zaidi: kwamba amerogwa, au kuna ndugu aliyemdhulumu shamba zamani na sasa analipa. Jamaa zake, kwa aibu na kwa kuogopa asianguke, humweka kwenye kiti cha uani kuanzia asubuhi hadi jioni. Wanafanya hivyo kwa mapenzi, lakini kwa mgonjwa huyu hakuna kitu kibaya kama kile kiti. Misuli isiyotumiwa hulegea, viungo hukakamaa, hofu ya kuanguka huongezeka, na siku atakapotaka kuinuka ndipo atakapoanguka kweli.

Maradhi haya yalielezwa na daktari Mwingereza, James Parkinson, katika kijitabu alichokitoa London mwaka 1817. Chanzo chake ni kufa kwa seli fulani zilizo ndani kabisa ya ubongo, ambazo kazi yake ni kutengeneza kemikali iitwayo dopamini. Dopamini ndiyo huuwezesha ubongo kuanzisha mwendo na kuupa ukubwa na kasi inayotakiwa. Inapopungua, mtu hubaki na nguvu za misuli yake, lakini amri haifiki sawasawa. Anadhani amenyanyua mguu kwa hatua kamili, kumbe ameunyanyua nusu. Anadhani amesema kwa sauti, kumbe amenong'ona. Hakuna dawa ya kuyaponya kabisa. Iliyopo ni ya kupunguza dalili, na ile kuu ni levodopa, ambayo hugeuzwa kuwa dopamini ndani ya ubongo.

Sasa tuje Ndalu. Kiserikali ni Bungoma, lakini Kitale ndio mji ulio karibu zaidi. Mgonjwa wa hapa basi yuko katikati ya kaunti mbili, na mara nyingi hakuna anayemhesabu kuwa wake. Ndalu, kama Tongaren na Naitiri, ilikuwa katika mashamba ya walowezi yaliyogawiwa wananchi wakati wa uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watoto waliofika hapo wakiwa wamebebwa mgongoni sasa wamepita miaka 60, na huo ndio umri ambao Parkinson hupenda kubisha hodi. Kwa hivyo tusiseme kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 walikuwako wagonjwa zaidi ya milioni 8.5 ulimwenguni, na kwamba idadi hiyo ilikuwa imeongezeka maradufu katika miaka 25.

Ushahidi wa karibu nasi unatoka kwa jirani zetu Watanzania. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walifanya jambo ambalo ni wachache barani wamelifanya: hawakungoja wagonjwa waje hospitali bali walikwenda kuwatafuta nyumba kwa nyumba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Katika wilaya yenye watu wapatao 161,000 walipatikana wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mganga yeyote wa hospitali kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa wakiishi nao bila jina. Sioni sababu ya kuamini kwamba hali katika vijiji vya Bungoma na Trans Nzoia ni tofauti sana.

Watafiti wa Hai hawakuishia kuhesabu. Waliwachukua wagonjwa 21 ambao hawakuwa wametumia dawa yoyote ya Parkinson na kuwapa vipindi 9 vya nusu saa vya kujifunza kutembea kwa kufuata ishara za kuongoza hatua. Mwendo wao ukawa bora. Taarifa ya kazi hiyo ilitoka mwaka 2010, na ninaitaja hapa kabla ya kusema neno lolote juu ya ndondi kwa sababu inajibu swali la kwanza ambalo msomaji angeuliza, yaani kama tiba ya viungo inaweza kumfaa mgonjwa wa kijijini kwetu asiye na kidonge. Inaweza.

Ndondi zenyewe ziliingia katika tiba hii mwaka 2006 mjini Indianapolis, Marekani. Scott Newman, aliyekuwa kiongozi wa mashtaka wa wilaya hiyo, alikuwa ameambiwa akiwa na umri wa miaka 40 kwamba ana Parkinson. Rafiki yake mmoja aliyepata kuwa bondia akamshawishi wafanye mazoezi pamoja. Newman aliona mwili wake unaamka. Wakaanzisha chama kiitwacho Rock Steady Boxing kwa ajili ya wagonjwa wengine, na leo kuna mamia ya vituo vinavyofuata mtindo huo katika nchi nyingi. Inafaa kukumbuka kwamba Chuo Kikuu cha Indiana, ambacho shule yake ya udaktari iko mji huo huo wa Indianapolis, kimekuwa mshirika wa Chuo Kikuu cha Moi tangu karibu mwaka 1990, na kwamba ushirikiano huo ndio uliozaa mradi wa AMPATH mjini Eldoret, ambao wagonjwa wengi wa UKIMWI wa Kitale, Webuye na Bungoma wanaufahamu vizuri. Njia ya kuuliza na kujifunza, basi, imekwisha kufyekwa na wengine.

Jambo moja lieleweke mapema. Katika mazoezi haya hakuna anayepigwa. Hakuna pambano, hakuna ulingo wa kumwaga damu, hakuna ngumi inayogusa uso wa mtu. Mgonjwa hupiga gunia lililoning'inizwa, au vibao laini ambavyo kocha huvishika mikononi. Kipindi huchukua saa moja hivi au zaidi. Huanza kwa kunyoosha viungo na kupasha mwili moto. Kisha huja kazi ya miguu: mbele, nyuma, upande, kuzunguka gunia bila kupishanisha miguu. Baada ya hapo kocha huita ngumi kwa namba. Moja ni ya mkono wa kushoto ulionyooka, mbili ni ya kulia, tatu ni ya kuzungusha, na mgonjwa hutakiwa kupiga moja-mbili, moja-mbili-tatu, huku akihesabu kwa sauti kubwa ya kusikika nje ya nyumba. Mwishoni hujifunza kulala chini na kuinuka bila msaada. Hilo la mwisho watu hulidharau, lakini mzee aliyeanguka peke yake shambani ndiye anayejua thamani yake.

Kwa nini ndondi na si kutembea tu kuzunguka boma? Ukitazama kasoro za Parkinson moja baada ya nyingine utaona kwamba bondia hufundishwa kinyume cha kila moja. Ugonjwa hufanya mwendo uwe mdogo. Ngumi hudai mkono unyooke wote. Ugonjwa hukakamaza kiwiliwili kikawa kama ubao. Ngumi haina nguvu bila kiuno na mabega kuzunguka. Mgonjwa hushindwa kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, ilhali bondia hafanyi ila hilo. Kukumbuka mpango wa namba huku miguu ikienda ni zoezi la akili na mwili kwa pamoja, na hapo ndipo wagonjwa hawa hujikwaa katika maisha ya kila siku, kwa mfano wanapotembea huku wakizungumza. Nayo sauti ya kocha huwa ishara ya nje, kama zile za Hai. Ubongo ulioshindwa kujiamrisha wenyewe mara nyingi huitikia amri itokayo nje. Mzee wa Kibukusu aliyepiga chinyimba alipokuwa akialika watu kwa tohara yake hahitaji kufundishwa maana ya mwili kufuata mlio.

Hata hivyo sitaki kuuza ng'ombe kwa sifa za fahali. Utafiti juu ya ndondi bado ni mdogo. Mwaka 2013 ulitolewa mmoja, uliofanywa huko huko Indiana, ambao uliwalinganisha watu 31. Baadhi walifanya ndondi na wengine mazoezi ya kawaida ya kikundi. Waliofanya ndondi ndio pekee walioongeza kasi ya kutembea na ustahimilivu. Lakini waliofanya mazoezi ya kawaida waliwapita kwa kujiamini kwamba hawataanguka. Makundi yote mawili yalipata nafuu katika mambo mengine. Halafu mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa watu 128 waliokuwa mwanzoni mwa ugonjwa na ambao hawajaanza dawa. Wale waliokimbia au kutembea juu ya mashine kwa bidii kubwa, moyo ukidunda asilimia 80 hadi 85 ya uwezo wake, hali yao karibu haikubadilika kwa miezi 6, huku wale wasiofanya mazoezi hayo wakizidi kuwa wabaya. Kwa hiyo siri, kwa maoni yangu, haimo ndani ya glavu. Imo katika bidii: kutoka jasho, kuhema, kurudia mara kwa mara, wiki baada ya wiki.

Basi kama ni bidii tu, kwa nini ninang'ang'ania glavu? Ni kwa sababu ya heshima. Nimeona vyumba vya tiba ya viungo. Mzee mwenye miaka 70, baba wa watu, aliyetoa ng'ombe wa mahari kwa wana wake, hulazwa kwenye godoro na binti wa umri wa mjukuu wake, akaambiwa ainue mguu, ashushe mguu. Huenda mara moja, mara mbili, halafu husema nauli imeisha. Mzee huyo huyo mvishe glavu, mwambie kuna gunia pale na kwamba wenzake wanamtazama. Mtu aliyeambiwa kwa miaka mitatu kwamba asijisumbue, aketi, atafanyiwa, kwa mara ya kwanza anaambiwa apige tena, kwa nguvu zaidi. Wakenya tunaupenda mchezo huu. Robert Wangila alipotuletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, wengi wa hao ambao leo wanatetemeka walikuwa vijana wenye redio mabegani.

Najua jibu litakalofuata. Msomaji atasema: je, si Wangila huyo huyo aliyefariki Julai 1994 baada ya pambano Las Vegas? Na Muhammad Ali je, ambaye aliambiwa mwaka 1984 kwamba ana Parkinson, na ambaye mwaka 1996 dunia nzima ilimwona akiwasha mwenge wa Atlanta mkono ukimtetemeka? Ni kweli, na pingamizi hilo ni la haki. Tangu mwaka 1928 daktari Mmarekani, Harrison Martland, aliandika juu ya mabondia waliolewa ngumi, na hakuna anayebisha leo kwamba vipigo vya kichwani huharibu ubongo. Kama ni vipigo vilivyomletea Ali maradhi yake, madaktari wamebishana miaka mingi. Lakini kilichowadhuru mabondia ni ngumi walizopokea. Kuruka kamba na kupiga gunia hakukumdhuru mtu ubongo. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya kituo chochote cha aina hii iwe kwamba hakuna kupigana, hata kwa utani, na kocha atakayewakutanisha wazee wawili aondoke siku hiyo hiyo.

Wapo pia watakaouliza kuhusu akina mama. Ugonjwa huu huwapata wanaume zaidi, lakini wanawake hawakusazwa, na nadhani wao ndio hufichwa zaidi. Kukhu akitetemeka, huambiwa ni uzee. Sidhani kwamba atashindwa na gunia. Mwanamke aliyetwanga, akapura mahindi kwa rungu msimu baada ya msimu, mabega yake yanaijua kazi hii kuliko ya wanaume wengi. Akitaka mfano, Fatuma Zarika alitwaa ubingwa wa dunia wa WBC mwaka 2016. Na kama hapendi kabisa jina la ndondi, liitwe jina jingine, mradi jasho limtoke.

Vifaa si kikwazo. Gunia la mahindi kuukuu, likashonwa mara mbili na kujazwa nguo chakavu na maranda ya mbao, hutosha likining'inizwa kwenye boriti imara. Mchanga usitumiwe, kwa kuwa hushuka chini na kuwa mgumu kama jiwe, ukaumiza vifundo vya mikono. Glavu za mtumba hupatikana. Ukumbi wa kanisa au darasa la shule siku ya Jumamosi ni mahali pa kutosha. Kisichoweza kushonwa kwa sindano ni mtaalamu. Pasiwe na kituo cha namna hii bila mtabibu wa viungo aliyesomea kazi yake na kusajiliwa, na hapo ndipo ninapozielekea serikali za kaunti. Afya ni jukumu lao tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013. Bungoma na Trans Nzoia zina hospitali za rufaa zenye idara za tiba ya viungo. Kumtoa mtaalamu mmoja siku moja kwa wiki, akaja Ndalu badala ya wagonjwa kumi kubebwa na bodaboda hadi kwake, si gharama ya kuitishia bajeti kikao. Kaunti hizo mbili zikae pamoja, zikubaliane nani atamlipa. Nao wahudumu wa afya wa jamii, ambao tangu Septemba 2023 wamepewa mikoba ya vifaa na kutumwa nyumba kwa nyumba, wafundishwe dalili nne tu: kutetemeka mtu akiwa ametulia, mwendo wa polepole, viungo kukakamaa, na kuanguka. Wataleta majina mengi kuliko tunavyotazamia.

Kabla ya mtu yeyote kuvaa glavu aonwe na daktari. Si kila kutetemeka ni Parkinson. Baadhi ya dawa, kama haloperidol wanayopewa wagonjwa wa akili, au metoclopramide ya kuzuia kutapika, zinaweza kuleta dalili zinazofanana kabisa, na zikibadilishwa na daktari dalili hizo mara nyingi huondoka. Mwenye ugonjwa wa moyo, au ambaye kichwa humzunguka anaposimama ghafla, apimwe shinikizo la damu akiwa amelala na akiwa amesimama. Wasioweza kusimama wapige wakiwa wameketi. Zoezi ni lile lile. Na anayetumia levodopa asidhani ngumi zimechukua mahali pake. Kuiacha ghafla ni hatari. Aimeze kama nusu saa au zaidi kabla ya chakula, hasa chakula cha maharagwe, nyama au maziwa, kwa kuwa protini hushindana na dawa hiyo njiani. Wapo wanaosema upupu una levodopa ndani yake, na ni kweli, lakini kiasi chake hubadilika mmea kwa mmea na hakuna anayeweza kukipima jikoni. Mtu asijaribu peke yake.

Saa nzuri ya kukutana itakuwa saa tatu au saa nne asubuhi, wakati kidonge cha alfajiri kimeshika na jua halijawa kali. Kila mgonjwa aje na mtu wa nyumbani kwake, mwana au mkaza mwana, ambaye atafungwa kazi ya kusimama nyuma yake akishika leso imara iliyozungushwa kiunoni mwa mzee, ili akiyumba asifike chini. Huyo naye atajifunza namba za ngumi, kwa sababu siku zile nyingine sita za wiki mtabibu hatakuwapo, na gunia linaweza kuning'inizwa hata chini ya mwembe wa nyumbani.